Chane za Kijani

Keti hapa karibu, msomaji, nikueleze rangi moja. Kila ninaposikia harufu ya ukindu uliotoka kuchemshwa, harufu ya majani na chumvi, hukikumbuka kijani kilichokolea cha mama yangu, kile kinachokaribia weusi lakini ukikishika juani hufunguka.

Tulikaa Mjambere, miaka michache kabla ya uhuru. Mama alisuka mikeka, na Kisauni nzima ilimjua kwa kijani hicho. Alinifundisha kuwa kina nguvu: chane moja ya kijani, yaani utepe mmoja wa ukindu uliochanwa, yatosha chane nne za ukindu mweupe. Ukikizidisha, mkeka hufanya kiza. Ukikiweka kando ya nyeusi, humezana.

Mwaka mmoja alisuka mkeka wa arusi ya dada yangu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni nimpe chane.

"Zuhura."

"Abee, mama."

"Nipe kijani."

Mafungu yalikuwa mbele yake, lakini aliniomba mimi. Nilidhani ananifunza rangi, nami nilikuwa na miaka tisa na nimeshachoka kufunzwa. Nje wenzangu walicheza mdako. Alasiri moja nikampa nyeusi, kwa utundu tu, nikangoja anifinye. Akaipapasa, akaisuka. Nikampa nyingine. Akaisuka. Basi nikamwekea fungu zima la nyeusi mapajani, nikatoka kucheza.

Siku ya kuuonyesha mkeka kwa jamaa, shangazi aliuinamia. "Wifi, huu ni mkeka wa arusi, au umemshonea bibi arusi kaniki nyeusi?"

Wanawake wakacheka. Mama akaupitisha mkono juu ya mkeka, pindo hadi pindo, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Kisha akasema, "Nimeupenda hivyo."

Dada alilia. Arusini ulitandikwa mkeka wa kuazima. Mimi nilishukuru kwamba sikupigwa. Tangu hapo mama hakusuka tena mkeka wa rangi. Alisuka myeupe mitupu.

Uhuru ulipokuja, nilileta nyumbani kibendera cha karatasi nilichopewa shuleni. Mama alikisogeza hadi puani. "Watu wasema kina kijani. Kiko wapi, mwanangu?"

Nilikishika kidole chake, nikakiweka chini ya nyekundu. "Hapa, mama."

"Kimekolea?"

"Kimekolea."

Ndipo nilipoelewa kwa nini siku zote aliniomba mimi. Na siku ile mbele ya shangazi, alijua ni nani aliyempa nyeusi. Sijui hadi leo kama alinificha mimi, au aliyaficha macho yake yaliyofifia. Sikumwuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Kwa hivyo ukisuka, au ukipaka ukuta, au ukichagua vitambaa, kijani kilichokolea kitie kidogo, ukizungushie nyeupe, ukitenge na nyeusi. Kishike kwanza mlangoni, kwenye mwanga, uhakikishe. Na mtu akikuomba kijani, mpe kijani.