Barua Ambayo Angaliiandika

Vita vilipokwisha nilikuwa mwashi, nakaa Temeke. Miaka miwili nilikuwa nimejenga bega kwa bega na mfungwa wa Kitaliano, tukisimamisha matao ya jengo la serikali. Kazi tuliigawana sawasawa, ila mie cheo cha fundi walininyima kwa kuwa sikuwa na cheti. Aliporudishwa kwao, Mtaliano aliniahidi kwamba atamwandikia mkubwa wa ujenzi, amweleze matao yale nani kayajenga, nami nipewe cheti.

Barua ikaja, lakini kwangu, tena kwa Kitaliano. Jirani yangu, askari aliyetoka vitani Uhabeshi, alijigamba kuwa lugha ile anaijua. Akasoma kwa sauti, "Avrei scritto al tuo capo," akanigeukia. "Anasema atamwandikia mkubwa wako. Tulia tu, ndugu yangu."

Nikatulia. Mwarabu mmoja mwenye duka alinitaka nikamjengee nyumba Kinondoni. Nikakataa, nisije nikakosekana kazini siku cheti changu kitakapotoka. Mwaka ukapita.

Mwishowe niliipeleka ile barua misheni, kwa sista mmoja Mtaliano. Akaisoma, akakunja uso.

"Scriverò, nitaandika," akaanza taratibu. "Scriverei, ningeandika, huyo bado anaweza. Avrei scritto, ningaliandika."

"Sasa ataandika lini, Sista?"

"Haandiki, mwanangu. Ndiyo maana ya neno lenyewe: wakati umeshapita na hakuandika. Tazama mbele hapa: se avessi avuto tempo. Kama ningalikuwa na nafasi."

Nafasi ya kuniandikia mie kwamba hana nafasi aliipata!

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa jirani. Nilimkuta barazani anacheza bao na wenzake.

"Ulinambia ataandika!"

"Kwani sivyo? Scritto si kuandika?"

"Ni ningaliandika! Mama yako hakukufunza -ngali-?"

Wenzake wakacheka. Yeye akainamia kete zake. "Mie, ndugu yangu, Kitaliano changu cha kuombea maji na sigara tu."

"Ungalisema! Ungalisema hujui, nami ningalikwenda Kinondoni!"

Kesho yake nikaenda kwa yule Mwarabu. Nyumba ilikuwa imeshaezekwa, na fundi mwingine yuko juu ya ngazi anapaka chokaa. Nilimwamkia mwenye nyumba, nikaomba kazi yoyote iliyobaki.

Nikapewa choo, nikipige plasta.