Nyota Iliyoangukia Mbugani

Juzi nilipita nyuma ya Maganzo, karibu na mgodi wa almasi, nikakuta ng'ombe wakinywa kwenye lile lambo. "Shikamoo mama," wachungaji wakaniambia, "hapa maji hayakauki hata kiangazi." Nikaitikia marahaba. Lambo hilo alilianza baba yangu, na hakuwa akitafuta maji.

Wewe uliyekulia kule unazikumbuka zile jioni: moshi wa samadi uwanjani, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga, bibi akituhimiza tumalize kula kabla ya giza. Jioni ile giza lilikataa kuingia. Kitu cheupe chenye mkia wa kijani kilipasua anga, vivuli vya mbuzi vikazunguka ardhini kana kwamba vinakimbia, kisha kikazama upande wa mbuga. Tukadhani yamekwisha. Ndipo ukaja mngurumo, nikausikia tumboni, na ng'ombe wakavunja zizi.

Bibi alitema mate chini. Siku zote alisema nyota ikianguka usiinyooshee kidole. Jirani yetu, mchuuzi wa almasi, alikuwa ameshanyoosha chake.

"Baba Kija," alisema, na Kija ni mimi, "unadhani yale mawe ya mgodini yalitoka wapi? Yalianguka hivi hivi."

"Basi jiwe hilo lingeniangukia mgongoni nipumzike kulima," baba akamjibu. Tukacheka.

Asubuhi mchuuzi alileta sururu, tukaenda mbugani nyota ilipozama. Kuchimba kulikatazwa, lakini mwanangwa, mkubwa wetu wa kijiji, aliruhusu kwa siri na kujiwekea fungu. Nawataja hao wawili, nitawataja mpaka nife. Baba alichimba, mimi nikipandisha udongo kwa karai, mchuuzi amekaa ukingoni akipiga mluzi. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka huwa mgumu kama ukuta, na baba aliuamini. Mvua ya kwanza iliponyesha alitaka kuacha. "Shuka," mchuuzi akamwambia, "maji yatalificha jiwe letu."

Nilikuwa nimepanda na karai. Nikasikia nyuma yangu sauti kama ya ng'ombe anayejilaza. Nilipogeuka, shimo halikuwepo.

Mama alikuja mbio, akafukua kwa kucha. Mwanangwa akamshika mikono. "Mama Kija, askari wa mgodi wakiona udongo mbichi tunafungwa sote. Hapa hapakuchimbwa kitu." Mchuuzi alikuwa ameshaondoka.

Kila masika pakatitia, maji yakatuama, hata pakawa lambo.

Kwetu mwenye mji, mkuu wa kaya, huzikwa zizini, ng'ombe wake waendelee kupita juu yake. Bibi alizika kigoda cha baba tu, mwenyewe alibaki shimoni. Leo zizi ni shamba la pamba la mtu mwingine, na ile nyota hakuna anayeijua.

Nilingoja kundi lishibe, nikauliza ni ng'ombe wa nani.

"Wa babu yetu. Alikuwa mwanangwa hapa."

Basi ng'ombe wanapita juu ya baba, kama mila inavyotaka. Ila si wake.