Vifungo Vinne kwenye Maikrowevu

Kwa miaka kumi na tisa alishona sare za wauguzi katika karakana moja, na huko ndiko jina lake lilikopotelea. Kuanzia msimamizi hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Fundi. Alikuwa mjane wa siku nyingi, hakujaaliwa mtoto, na aliishi peke yake ghorofa ya pili, katika chumba na sebule na jiko dogo ambamo watu wawili hawapishani bila mmoja kuvuta tumbo ndani.

Macho yalimuaga taratibu. Kwanza alianza kukosea tundu la sindano, akasingizia taa. Kisha akagonga bega kwenye fremu za milango. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba dawa italinda kilichobaki, ila kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki nacho hakikukaa. Alipotimiza miaka arobaini na mitatu aliweza kutofautisha dirisha na ukuta, basi, tena mchana wa jua.

Siku alipoaga karakana, wenzake walichanga wakamnunulia maikrowevu. Walimpelekea hadi nyumbani, wakaiweka juu ya kabati, wakaichomeka. Walikuwa na nia njema, ila hakuna aliyefumba macho akaipapasa kabla ya kuinunua. Sehemu ya kubonyezea ilikuwa laini kama kioo, haina hata kinundu kimoja. Fundi aliwashukuru, na walipoondoka alipitisha vidole pale mara tatu nne, akaona ni sawa na kusoma ukurasa mweupe.

Wiki ileile alijaribu kupika kwenye gesi, na mkono wa gauni lake ukashika moto. Aliuzima haraka kwa taulo lenye maji, akapata lengelenge dogo tu kwenye kiwiko. Lakini habari zina miguu. Baada ya siku mbili dada yake mkubwa alishuka na mabegi mawili kutoka mji alikokuwa akiishi, akasema amekuja kwa wiki moja.

Miezi saba ikapita.

Dada alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nyumba nzima aliiendesha kama darasa. Alipika, akafua, akamkatia mdogo wake nyama vipande vidogo. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, kila asubuhi alijichoma sindano ya insulini kabla ya chai, lakini ukimuuliza hali yake alikuambia mgonjwa ndani ya nyumba ni mmoja tu. Fundi hakuruhusiwa kugusa kisu wala birika. Akisogea mlangoni mwa jiko, aliisikia ile sauti: "Unataka nini, mdogo wangu? Kaa, nakuletea."

Mwanzoni alikaa. Mtu aliyechoka akiletewa kiti hakatai. Lakini kukaa nako kuna mwisho wake, na siku alipojikuta amekaa tangu asubuhi, mikono imelala mapajani kama glavu za mtu mwingine, aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya moto.

Dada alikwenda kliniki kila Jumanne ya pili. Jumanne moja Fundi alishuka ngazi akihesabu vidato, akamgongea jirani wa chini, mama mmoja aliyekuwa dereva wa basi la zamu ya jioni, akamwomba apande amsomee mashine. Walisimama wawili mbele ya maikrowevu. Jirani alimshika kidole, akakiweka hapa na pale. Hapa ni kuwasha. Hapa kuzima. Hapa ukibonyeza unaongeza dakika moja, hapa nusu dakika. Fundi alikuwa na kopo la vifungo vya akiba kutoka karakana. Akachagua vinne visivyofanana: kikubwa chenye matundu manne cha kuwasha, cha duara kama njegere cha kuzima, kilicho bapa cha dakika, na kidogo cha shati la mtoto cha nusu dakika. Akavibandika kwa gundi, akavishikilia kimoja kimoja hadi vikauke.

Tangu hapo, kila Dada alipotoka kwenda kliniki au sokoni, Fundi aliingia darasani kwake mwenyewe. Alianza na kikombe cha maji, akiacha kijiko cha mti ndani yake, maana jirani alimwonya kwamba maji ya humo yanaweza kutulia kama hayajachemka, kisha yakakurukia usoni. Alijifunza kwamba kiazi lazima kitobolewe kwa uma pande zote. Alijifunza kwamba chakula kikirundikwa katikati ya sahani kinatoka cha moto pembeni na cha baridi kiinini, kwa hiyo akakipanga mduara na kuacha shimo kati. Uji ulimfurikia mara mbili ndipo akaelewa kwamba bakuli liwe kubwa mara tatu ya uji wenyewe. Mboga alizifunika kwa sahani zikaiva kwa mvuke wake. Mkate wa jana aliufunga kwenye kitambaa chenye unyevu, sekunde chache, ukarudi laini. Mlio wa mashine ulipobadilika alijua. Kama vile zamani alivyojua cherehani inataka mafuta.

Yai ndilo lililomponza. Aliliweka zima na ganda lake. Likalipuka kwa kishindo ambacho kiliwanyamazisha hata watoto waliokuwa wakicheza uani. Alisafisha nusu saa, akaweka bakuli la maji na ndimu ndani, akayachemsha ili uchafu ulainike, akafuta tena. Alidhani amemaliza. Asiyeona haachi alama kwa kutaka, anaacha kwa kutojua: kipande cha kiini kilikuwa kimeganda juu, kwenye dari ya mashine.

Dada alikiona jioni ile, na akiwa pale akaviona vifungo. Kabla ya hapo alitumia maikrowevu kuhifadhia mkate tu, na ilikuwa kwenye kona yenye giza.

Hakupaza sauti. Fundi, akiwa sebuleni, alisikia kisu kikikwangua. Alisimama, akaja hadi mlangoni. Kifungo kimoja kilidondoka sakafuni, kikazunguka, kikalala.

"Unafanya nini, dada?"

"Nakuokoa. Umeungua mara moja, sasa unataka kulipua nyumba."

"Ni yai tu."

"Leo yai. Umeibandika mashine vifungo kama shati, hata haya huna."

"Kifungo ni hiki unachonifunga wewe," Fundi alisema. "Miezi saba sasa."

Kisu kiliendelea. Vilipodondoka vyote vinne, Dada alimwambia jambo ambalo, kumbe, alishalipanga. Amezungumza na mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi wanarudisha funguo, wanakwenda kuishi wote kwake. Lori la mizigo ameshaliagiza.

Fundi alitafuta la kujibu. Kila sentensi aliyoitafuta ilimkuta dada yake amesimama mwisho wake akimsubiri na jibu. Siku kumi na mbili zilizofuata walisalimiana tu. Sauti iliyobaki nyumbani ilikuwa ya utepe wa kufungia maboksi, kwaaa, kwaaa, kutoka chumba kimoja hadi kingine, na Fundi alijua nyumba yake inavyopungua kwa namna mwangwi ulivyokuwa ukikua.

Siku ya lori Dada aliamka mapema. Fundi alimsikia akifungua friji, akitoa kichupa, akijichoma. Kisha simu ikalia: dereva wa lori akitaka kusogeza saa. Wakabishana. Baada ya hapo Dada akakumbuka mapazia, akapanda kiti kuyashusha, akaanza kufunga vyombo vya jikoni. Chai haikuandaliwa. Fundi aliketi kwenye kiti pekee kilichobaki, akaona si kazi yake kuuliza, maana waliokuwa hawasemezani walikuwa wawili.

Baadaye utepe ulinyamaza.

"Dada?"

Jibu lilikuja likiwa zito. Dada alisema watoto waingie darasani, kengele imelia. Fundi alidhani ni kejeli. Kisha akasikia kitu kizito kikigonga mlango wa kabati na kuteremka nao hadi chini.

Aliingia jikoni kwa magoti, mikono mbele. Akamgusa dada yake begani, shingoni, usoni. Gauni lilikuwa limeloa chapachapa, na ngozi ilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Mikono ya dada yake ilikuwa ikitetemeka. Mara moja akaelewa: sindano imeingia, chakula hakikuingia.

"Dada, unanisikia? Nibane mkono."

Mkono ukabana, kidogo.

Alinyanyuka kuelekea kwenye rafu ya sukari. Mkono ulipita hewani. Rafu ilikuwa tupu. Kila kitu kilikuwa ndani ya maboksi, na maboksi yalikuwa mangapi hakujua. Alimwita jirani wa chini kwa sauti kupitia dirishani, mara mbili, hakuna aliyeitika. Simu yake ilikuwa chumbani, imefungwa pamoja na nguo, na ya Dada hakujua iliwekwa wapi. Akajilazimisha kusimama tuli kwa pumzi mbili, kama alivyokuwa akifanya cherehani ilipokwama na kitambaa cha watu ndani yake.

Boksi la kwanza lilikuwa na sufuria, zikalia alipolitikisa. La pili sahani. La tatu lilikuwa zito na kimya. Akatafuta ncha ya utepe kwa ukucha, akaivuta, ikakatika. Akatafuta tena, akachana lote kwa mikono miwili. Unga. Chumvi, aliionja. Majani ya chai. Chini kabisa, kopo lenye kifuniko cha kubana. Alilamba kidole. Sukari.

Hakutafuta kikombe. Alikoroga kwenye kifuniko cha kopo kwa maji ya bomba, akamwinua dada yake akamwegemeza kifuani. "Meza," akasema. "Kidogo kidogo. Meza." Maji yakamwagika kidevuni, kisha koo likasogea. Fundi aliweka kiganja pale kooni, akahesabu kila mara lilipopanda na kushuka. Akamkorogea mara ya pili, na ya tatu. Alikaa naye sakafuni, akisikiliza pumzi, na kila pumzi iliyochelewa ilimchelewesha na yeye.

Baada ya muda ambao hakuweza kuupima, Dada alijifuta uso kwa mkono wake mwenyewe. "Nimeanguka?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Umeanguka. Usisimame."

Sukari peke yake huisha upesi, hilo Fundi alilijua. Alitaka chakula cha kukaa tumboni. Kwenye friji, ambayo ilikuwa bado haijafungashwa, kulikuwa na bakuli la viazi na maharage ya jana. Gesi ilikuwa imeshafungwa na mpira wake kutolewa. Maikrowevu ilikuwa bado kwenye kona yake, imechomekwa, ingepakiwa mwisho.

Aliweka bakuli ndani, akapapasa kioo. Kisu kilikuwa kimeondoa vifungo, lakini gundi ilikuwa imegoma kutoka yote, na chini ya kidole zilibaki chunusi nne zenye ukali. Akabonyeza dakika, mara mbili. Akabonyeza kuwasha.

Mashine ikaanza kutatarika kama kitambaa kinachochanwa. Harufu ya kuungua ikamfikia. Kwa haraka yake, na vidole vinavyonata sukari, hakuhisi kwamba bakuli lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya foili.

"Fundi, moto," Dada alisema kutoka sakafuni. Alijaribu kuinuka, akashindwa.

Fundi alivuta mlango. Mashine ikanyamaza palepale. Akasubiri kidogo, akasikiliza, akanusa. Hakuna kilichoendelea kuwaka. Akaichuna foili, akapitisha kidole ukingoni mwa bakuli lote kuhakikisha hakuna kipande kilichosalia, akapanga viazi mduara, akafunga tena. Safari hii mlio ulikuwa ule anaoujua. Baada ya dakika moja akafungua, akakoroga, akarudisha dakika nyingine. Kisha akaacha kitulie kidogo, maana humo chakula huendelea kujiivisha hata mashine ikizima.

Alimlisha kwa mkono wake, matonge madogo, akipuliza kila moja. Dada alikula. Alipofika nusu ya bakuli alisema, "Uliweka foili ndani."

"Niliweka. Nikaitoa."

Fundi akahisi bega la dada yake likitikisika, asijue ni kicheko au kilio, na hakuuliza. Dada alikuwa na aibu ya mtu mzima aliyelishwa sakafuni, na aibu ya namna hiyo ukiigusa inageuka hasira.

Walikuwa bado wamekaa pale honi ilipopigwa chini. Dereva alipanda, akagonga, akauliza aanze na kipi. Fundi hakusubiri dada yake. "Hakuna mzigo, kaka," alisema. "Samahani kwa usumbufu." Dereva akamgeukia Dada, yule anayeona. Fundi alikaza mkono kwenye bakuli.

"Msikilize mwenye nyumba yake," Dada alisema mwishowe.

Hawakukumbatiana wala kuombana radhi. Mchana jirani wa chini aliporudi aliwapeleka kliniki, na nesi akamkaripia Dada kama mwanafunzi wake wa darasa la pili. Jioni Dada akampigia mwenye nyumba kwamba funguo hazirudishwi, kisha wakafungua maboksi pamoja, Dada akitaja kila kitu kabla ya kukiweka, Fundi akimwambia pa kukiweka. Mara mbili Dada alikiweka pengine, na mara mbili akaambiwa akitoe.

Wiki tatu baadaye Dada alirudi kwake na mabegi yake mawili. Fundi naye alirudi karakanani, asubuhi tu, kukagua mishono kwa vidole; msimamizi husema hakuna uzi uliolegea unaompita.

Sasa kila siku saa moja asubuhi, kabla hajavaa viatu, humpigia Dada simu. Hasalimii kwanza. Huuliza, "Umekula?" Mara nyingi Dada hujibu upesi, akinung'unika kwamba hata chai haijapoa. Siku nyingine simu inaita, inaita, na Fundi husimama katikati ya jiko lake, mkono mmoja kabatini, akisubiri ile sauti.