Mwamba Mbichi wa Rosendo

Kijijini kwao, karibu na mji wa migodi wa Calama, hakuna aliyewahi kunywa supu kwa amani mbele ya Rosendo Chocobar, mchimbaji aliyefukua vilima maisha yake yote asipate shaba ya kutosha hata kijiko. Sufuria ikitokota tu, mahubiri yanaanza.

"Maji ya moto yalipanda toka chini, yakaupika mwamba mpaka ukalegea, ukawa mweupe kama unga. Shaba ikabaki kwenye nyufa. Jiwe gumu ni bichi, achaneni nalo!"

"Na supu yako inapoa, profesa," mkewe Nolfa humkatiza.

Agosti, mwezi wa kumlisha Mama Ardhi, yeye na Nolfa wakachimba shimo karibu na jiko lao ili wammiminie pombe ya mahindi. Sururu ikazama kama kwenye mkate. Rosendo akaokota kipande cheupe, akakilamba, maana jiwe likilowa ndipo rangi hutoka. Mishipa ya kijani ya shaba ikamtumbulia macho.

Alitaka kupiga vigelegele. Kisha akakikumbuka kijiji cha shangazi yake, kilichohamishwa chote, makaburi na kanisa, kupisha shimo la kampuni ya shaba. Akafukia upesi.

Haikupita wiki, mpimaji wa kampuni akabisha hodi.

"Mzee Rosendo, mwalimu wetu! Hapa kwako mwamba ukoje?"

Rosendo akajisimika juu ya kifusi cha lile shimo, kifua mbele.

"Mbichi, mwanangu. Mbichi kabisa!"

Tangu siku hiyo, kijijini kwao supu hunywewa ya moto.