Volteji ya Upande wa Kasama

Mama Kabaso alikuwa mwoga. Nilikaa naye meza moja kwa miaka mingi katika chumba cha kuongozea umeme pale Kitwe, na sijaona mtu mwenye akili nyingi vile akiogopa vile. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu: ukiingiza volteji kiasi hiki mwanzo wa laini ya umeme, mwisho wake itatoka kiasi gani. Laini nzima aliichukulia kama sanduku lenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, na ndani yake tarakimu nne tu zinazoeleza tabia ya laini hiyo. Tarakimu hizo zilimnyima usingizi.

Siku upepo ulipozima umeme wa kaskazini yote, mkuu wetu, Baba Mwila, alitaka Kasama iwashwe haraka.

"Pandisha volteji kidogo huku," alisema. "Njia ndefu, utafika umechoka."

"Umeme si punda, Baba Mwila! Kule sasa hivi hakuna anayeutumia. Laini ndefu ikiwa tupu, volteji inatoka kubwa kuliko ilivyoingia."

Baba Mwila akajishika kichwa. Alilijua hilo tangu chuoni. Haraka tu ilimsahaulisha.

Mama Kabaso akapiga hesabu, akarudia. Jibu lilikuwa chini ya kikomo, lakini kwa tofauti ndogo mno. Na tarakimu zake zilipimwa kabla laini haijazungushwa kukwepa kinamasi. Kama zilikuwa zimebadilika, mitambo ya Kasama ingeweza kupasuka, na aliyekuwa zamu huko ni mumewe. Jasho likamtoka mpaka karatasi ikalowa. Akashusha volteji ya huku mpaka ikagoma kushuka, kisha akachukua simu.

"Baba Kabaso, tokeni kwenye uwanja wa mitambo. Wote. Mkae ndani."

"Sawa, mama."

Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Mshale wa mita ya Kasama ukapanda, ukazidi kupanda, hata mimi nikaanza kuomba. Ukasimama palepale kwenye tarakimu aliyoiandika. Simu ikalia.

"Umefika, mama! Safi kabisa."

"Mko ndani wote?"

"Wenzangu wako ndani. Mimi nipo hapa chini ya mitambo, nautazama umeme wako ukiingia."

"Si nilikwambia utoke, wewe mwanamume!"

"Hesabu si umepiga wewe? Sasa niogope nini?"

Mama Kabaso akaweka simu mezani bila kuikata. Sasa aliogopa kuliko mwanzo. Mumewe aliendelea kuita, halo, halo, na yeye akaivuta ile karatasi iliyolowa, akaanza kupiga hesabu upya.