Kompyuta ya Tata Ilipogoma Kuwaka

Vumbi likiungua ndani ya mashine lina harufu yake, kama nywele zilizoguswa na pasi. Juzi niliisikia ofisini, fundi alipowasha kompyuta iliyokaa sana stoo, na papo hapo nikawa mtoto tena, kule Bugene, nimeketi sakafuni nyuma ya kiti cha baba yangu.

Tulimwita Tata. Nasema "tulimwita" kwa mazoea tu, maana mwaka ule nyumbani tulibaki wawili. Mama alikuwa amerudi kwao Nyakatuntu na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, na juu ya hilo Tata hakunieleza chochote. Alikuwa mtu wa mradi wa kilimo, na kompyuta ile aliachiwa na mzungu wa mradi alipoondoka. Kila nikitoka shule nilimkuta mezani amevaa shati lake la kazini, jenereta ikinguruma nyuma ya migomba, amenipa mgongo.

"Shikamoo Tata."

"Marahaba. Niko kazini."

Basi nilikwenda jikoni kumenya ndizi, nikizisimulia mambo ya shule, kwa kuwa ndizi hazikuwa kazini.

Jumamosi moja ya mvua nilimsikia akiguna kwa nguvu. Kioo kilikuwa kimezimika ghafla. Alibonyeza swichi, mashine ikalia mlio mrefu, kisha mwingine, kioo kikabaki cheusi. Akazima, akangoja, akawasha. Ilikuwa vilevile. Akakaza nyaya, akabadilisha soketi, akaipiga kofi ubavuni kama tulivyokuwa tukiipiga redio. Mwishowe akageuka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo alipogeuka hivyo.

"Koku, lete bisibisi, iko kwenye kopo la misumari. Na kifutio chako cha shule."

Tulifungua mfuniko. Ndani kulijaa vumbi jekundu la barabarani, na pembeni kulikuwa na mayai mawili meupe ya mjusi.

"Huyu naye amepanga chumba," Tata akasema.

Nilicheka mno kupita utani wenyewe. Akayaweka mayai kwenye kiberiti kitupu, akanikabidhi kana kwamba ni kitu cha thamani. Kisha akachomoa kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Kibao hicho, alinieleza, ndicho mashine inachokumbukia mambo inapofanya kazi. Meno yakichafuka inasahau kila kitu, inabaki kulia. Fundi wa mradi ndiye aliyewahi kumwonyesha.

"Yasugue. Taratibu."

Niliyasugua taratibu kuliko alivyotaka. Bega lake lilikuwa limegusana na langu, na moyoni nilikuwa naomba mashine isiwake kamwe.

Ikawaka. Namba zikakimbia juu ya kioo, picha ikatokea, na Tata kwa furaha akafungua kitu cha kwanza mkono wake ulichozoea. Zikatandazwa karata, nyekundu na nyeusi, kwenye uwanja wa kijani.

"Tata, hii ndiyo kazi?"

"Mama yako naye aliuliza hivyohivyo." Akasogea, akanipa nusu ya kiti. "Koku, unajua, kazi ya Tata..."

Lakini mimi nilikuwa nimeshakamata kipanya. "Hii nyekundu inakwenda wapi?"

Akaniangalia. "Juu ya nyeusi," akasema.

Tulicheza mpaka petroli ikaisha. Jumatatu nilimkuta tena mezani, mgongo uleule.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponiambia kwamba mradi ulikuwa umefungwa hata kabla yeye hajarudi kwao. Alasiri zote zile Tata hakuwa na kazi. Alivaa shati, akawasha jenereta majirani wasikie, akakaa akipanga karata. Baadaye alishika jembe, akapanda kahawa, na akawa mkulima kama wengine. Mama hakurudi, mimi nikawa namfuata kwao wakati wa likizo. Maneno yale ya siku ya mvua Tata hakuyamalizia hadi tulipomzika.

Nadhani aliogopa ningemdharau. Hakujua mtoto wa umri ule huwaza nini. Angeniambia hana kazi, ningeelewa jambo moja tu, nami ningelifurahia sana: kwamba kumbe ana nafasi ya kukaa nami.