Mpunga Mbichi wa Mama

Mimi sikujaliwa makalio ya kukaa. Hata leo, mtu mzima mwenye mke na mashamba, bukari, ugali wetu, likiwa motoni husimama mlangoni mwa jiko nikiuliza kama tayari, mpaka mke wangu anifukuze kwa mwiko. Nikipanda pikipiki kwenda Kabambare, njia ile ya matope na mashimo, dereva huniambia nitulie, maana namsukuma kwa magoti kana kwamba ni mimi ninayeendesha.

Mama alinijua tangu mdogo. Kwake kila kitu kilikuwa na siku yake. Mihogo michungu iliyolowekwa mtoni haikuguswa mpaka ilainike yenyewe. Karanga za mbegu zilining'inia juu ya moto wa jiko, zimefungwa, nasi chini yake tunakula bukari kwa sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, isiyo na chumvi huku tukizitazama. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, akatulea kwa jembe lake peke yake, na silaha yake ilikuwa neno moja: bado. Mvumilivu hula mbivu, watu husema, na wengi husema tu. Mama aliishi hivyo, na akatuishisha hivyo, tupende tusipende.

Mimi sikupenda. Nilipoota ndevu nilikimbilia Salamabila, kwa sababu niliambiwa kule mtu huchimba dhahabu asubuhi na jioni ana kitu mkononi. Kweli wanacho. Kesho yake hawana, wanashuka tena shimoni kukitafuta. Nilirudi nyumbani na kikohozi na spika ya muziki iliyokufa njiani. Mama hakunicheka. Alinipa jembe, akanionyesha upande wa shamba ambao ulikuwa haujafyekwa.

Ndiyo maana mambo ya mwaka huu yalinichanganya.

Mama aliugua wakati mpunga unachanua. Hakuwa na ugonjwa mmoja wa kutajwa. Alikuwa anapungua tu. Tulimpeleka Kasongo kwa pikipiki, yeye katikati ya dereva na mimi, nikimshikilia asianguke. Mwuguzi alimpima, akampa vidonge, kisha akanivuta pembeni na kuniambia nimpe mama chakula chochote anachotaka. Kila mtu anajua neno hilo lina maana gani. Nilirudi nalo njia nzima, mama akiwa mwepesi mikononi mwangu, nami siwezi kumwambia mtu.

Kwetu hakuna anayekula mchele mpya kabla mkubwa wa nyumba hajaonja. Mchele wa kwanza hupikwa peke yake, yeye hula tonge lake, ndipo sufuria ya wengine hupanda motoni. Mkubwa wetu alikuwa yeye tangu nilipopata akili. Nikaanza kupiga hesabu: mpunga bado mwezi na zaidi. Na mama je? Kila alfajiri nilikwenda shambani nikaminya punje kwa ukucha. Maziwa tu. Jioni nikarudi, nikaminya tena, kana kwamba jua la siku moja lingenihurumia. Usingizi ulinipaa. Mke wangu alisema kwa mwendo huo nitaumaliza mpunga wote kwa kuuminya.

Chakula chenyewe mama alikuwa hakitaki. Akiletewa bukari aligeuza uso ukutani; uji aliunywa kwa kutuheshimu. Mke wangu akanunua sokoni mchele wa msimu uliopita, akaupika laini kwa mawese. Mama akaonja, akarudisha sahani, akasema anataka wa shamba letu, wa mwaka huu.

Nikamwambia haujaiva.

"Najua," akasema. "Ukate vile iko."

Hapo ndipo mimi, mimi huyu, niliposikia kinywa changu kikitoa maneno yake. Nilimweleza kwamba punje ndiyo kwanza zinaanza kushika, kwamba tukikata sasa tunapoteza, kwamba majuma machache si mengi, avumilie. Nilisema kwa upole kabisa, kama anavyobembelezwa mtoto. Nadhani niliamini kwamba nikikataa kukata atalazimika kungoja, na maadamu anangoja atakuwa hai.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ungojee, mutoto wangu," akasema. "Miye nimengojea sana."

Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Nikachukua kisu, nikakirudisha, nikakichukua tena. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe. Akasimamisha mchi na kuniuliza ninamwogopa nani. Nikataja majirani, nikataja desturi, nikasema watu watasema tunakula shamba likiwa changa. Akanijibu kwamba desturi inamtaka mkubwa aonje kwanza, na mkubwa ameshasema anataka kuonja lini. Akaendelea kutwanga. Nikaenda.

Nilikata mashuke ya upande wa juani, yale yaliyotangulia wenzake kidogo. Mke wangu akayapura, akazikaanga punje chunguni bila mafuta, akazitwanga zikiwa moto, akazipeta kwa lungo. Zikatoka bapa, za kijani, zikinukia majani mabichi. Bakuli dogo halikujaa.

Mama hakuwa na meno mengi. Alitia punje chache kinywani, akazilainisha kwanza kwa mate, akatafuna polepole, macho ameyafumba. Nami nimesimama, nahamisha uzito mguu huu na mguu ule. Nilitaka kumwuliza kama ni nzuri, nikauma ulimi. Akachukua nyingine. Kisha akafumbua macho.

"Iko tamu," akasema. "Sijaonjaka hii hata siku moja."

Sikumwelewa mara moja. Huyu ni mwanamke aliyelima mpunga maisha yake yote. Kila mtoto wa kwetu aliyetumwa kuwinga ndege shambani ameshakula mpunga mbichi kama huu, na akina mama wengine huwatwangia watoto wao njaa ikizidi. Yeye hakuwahi. Kila punje aliyoiacha shukeni hadi ikaiva ilikuwa ya kutufikisha sisi msimu mwingine. Hasira ilinipanda, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilikwenda kulia nyuma ya jiko, na mke wangu akaniacha nilie.

Mavuno hakuyafikia. Alituacha mpunga ulipokuwa ndiyo kwanza unageuka manjano. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Asubuhi iliyofuata, umande ukiwa haujakauka, nilikuwa shambani na kisu, nikikata tena kabla hajaomba.